Hans Selye: Mtafiti wa msongo, na somo lake kwa msafirisha nguruwe

MFUGAJI wa Buhemba, wilayani Butiama, anayemuuzia nguruwe wake mchuuzi wa kutoka Mwanza, huona biashara imekwisha pale mnyama anapopandishwa garini na fedha kuhesabiwa. Kwa mchuuzi, hapo ndipo wasiwasi unapoanza. Mbele yake kuna kilomita zipatazo 200 za kupita Bunda, Lamadi na Magu, kuna jua la kando ya Ziwa Victoria, na kuna kusimama hapa na pale. Hutokea nguruwe aliyepakiwa mzima asubuhi akashushwa mfu jioni, bila jeraha na bila dalili yoyote ya ugonjwa siku iliyotangulia. Wapo wanaosema alilishwa sumu, wapo wanaosema ni bahati mbaya, na wapo wanaomshuku mfugaji kwamba aliuza mnyama mgonjwa akijua.

Msingi wa maelezo ya kisayansi ya hasara hiyo uliwekwa na daktari ambaye kazi yake ilikuwa katika maabara ya panya, si katika banda la nguruwe. Huyo ni Hans Selye, mtafiti aliyeishi Canada, ambaye ndiye aliyelipa neno msongo maana linayotumika nayo leo hospitalini, maofisini na katika vyuo vya mifugo. Alifariki dunia mwaka 1982. Maisha yake yanafaa kujulikana na kila anayefuga au kuchuuza mnyama hai, kwa sababu alichokiona kwa panya ndicho kinachoendelea ndani ya mwili wa nguruwe aliyefungwa miguu na kulazwa juu ya pikipiki.

Mtoto wa daktari wa jeshi

Selye alizaliwa tarehe 26 Januari, 1907, mjini Vienna, uliokuwa makao makuu ya himaya ya Austria na Hungaria. Baba yake, Hugo Selye, alikuwa Mhungaria na daktari wa upasuaji katika jeshi la himaya hiyo. Mama yake alikuwa Mwaustria. Alikulia Komárom, mji ulio kandokando ya mto Danube. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza himaya ile ilivunjika, mpaka mpya ukafuata mto, na upande mmoja wa mji ukawa sehemu ya Czechoslovakia. Kijana huyo akakua akisikia lugha zaidi ya moja nyumbani na mitaani, na alipokuwa mtu mzima alizimudu lugha nyingi.

Aliingia chuo cha tiba akiwa bado kijana mdogo, katika Chuo Kikuu cha Kijerumani mjini Prague. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1929, na miaka miwili baadaye akapata shahada nyingine ya juu katika kemia.

Akiwa mwanafunzi huko Prague kuna jambo lilimshangaza. Walimu wao waliwaletea wagonjwa wa maradhi mbalimbali ili wanafunzi wajifunze kutambua dalili ya kila ugonjwa. Wenzake waliandika zile dalili za pekee, zinazotofautisha ugonjwa huu na ule. Selye yeye aliona kwamba wagonjwa wote walifanana: wamechoka, hawana hamu ya kula, viungo vinauma, wamepungua uzito. Alijiuliza ni kwa nini maradhi tofauti yampe mtu sura ileile ya kuugua. Walimu hawakulitilia uzito swali hilo, naye akaliweka kando kwa miaka kadhaa.

Panya wa Montreal

Mwaka 1931 alipata ufadhili wa taasisi ya Rockefeller uliompeleka Marekani, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Mwaka uliofuata alihamia Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, Canada, kufanya kazi chini ya James Collip, mwanakemia aliyekuwa mmoja wa waliosaidia kuisafisha insulini kwa ajili ya wagonjwa wa kisukari.

Kazi aliyopewa ilikuwa ya kutafuta homoni mpya. Alitengeneza maji ya ovari za ng'ombe na kuwachoma panya sindano. Alipowapasua aliona mambo matatu. Tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, zilikuwa zimevimba. Tezi ya thaimasi, iliyo kifuani na inayohusika na kinga ya mwili, ilikuwa imenywea. Na tumboni mlikuwa na vidonda vinavyovuja damu. Selye alifurahi akiamini amepata homoni ambayo hakuna aliyewahi kuiona.

Furaha hiyo haikudumu. Alijaribu maji ya viungo vingine, matokeo yakawa yaleyale. Alijaribu fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti ambayo haiwezi kuitwa homoni, na matokeo yakawa makali zaidi. Kwa mtafiti aliyekuwa hajatimiza miaka 30, hilo lilikuwa pigo. Ndipo akakumbuka wale wagonjwa wa Prague. Huenda mwili una jibu moja kwa kila kinachoushambulia, kiwe sumu, kidonda, baridi au uchovu.

Akaacha kutafuta homoni, akaanza kuwajaribu panya kwa njia mbalimbali. Aliwaweka kwenye baridi kali, aliwalazimisha kukimbia mpaka wachoke, aliwajeruhi, aliwapa dawa kwa kiwango cha kudhuru. Kila mara yale mambo matatu yalijitokeza. Tarehe 4 Julai, 1936, jarida la Nature la Uingereza lilichapisha taarifa yake fupi, isiyofika hata ukurasa mmoja.

Si haki kusema kwamba Selye alianzia patupu. Kabla yake Mmarekani Walter Cannon alikwishaonyesha kwamba mnyama aliyeogopa humwaga homoni ya adrenalini, moyo ukaenda mbio, damu ikaelekezwa kwenye misuli ili apigane au akimbie. Mchango wa Selye ulikuwa kuonyesha kinachofuata pale mnyama anaposhindwa kupigana na asiwe na pa kukimbilia.

Hatua tatu za mwili

Selye alieleza kwamba mwili ulioshambuliwa hupita katika hatua tatu. Ya kwanza ni ya tahadhari. Mwili hushtuka, hutoa akiba yake haraka, na kwa panya wake hatua hii ilionekana kati ya saa 6 na saa 48 baada ya shambulio. Ya pili ni ya ustahimilivu: mwili hujipanga upya na kuonekana kama umezoea, ingawa unaendelea kulipa gharama. Ya tatu ni ya kuishiwa nguvu. Ikiwa shida haikuondoka, akiba hukauka na mnyama hufa.

Leo njia yenyewe inafahamika vizuri zaidi. Ubongo huiamuru tezi iliyo chini yake, tezi hiyo hupeleka ujumbe kwa damu hadi tezi za adrenali, nazo hutoa kortisoli. Kortisoli huufanya mwili utoe sukari ya akiba na kuvunja hata protini ya misuli ili kupata nguvu za dharura. Wakati huohuo hushusha kinga. Kwa muda mfupi huo ni msaada mkubwa, kwani ndio unaomwokoa swala mbele ya simba. Shida ni pale hali hiyo inapoendelea kwa saa nyingi.

Mfanyabiashara anaweza kuifananisha na duka lenye madeni. Siku moja ya dharura unaweza kutoa mtaji ukalipa, kesho ukaurudisha. Ukitoa kila siku, rafu zinabaki tupu. Nguruwe anayesafiri anatoa mtaji, na mtaji wake ni ile nyama unayotegemea kuiuza.

Kutoka panya hadi nguruwe

Selye mwenyewe alishughulika zaidi na panya na kisha na wanadamu. Kuanzia miaka ya 1950 wataalamu wa mifugo waligeukia nguruwe, na walikuwa na sababu. Denmark, nchi inayoishi kwa kuuza nyama ya nguruwe nje, ilisumbuliwa na nyama laini, iliyopauka na yenye kuvuja maji. Mwaka 1968 watafiti wa Marekani waliipa jina la maradhi ya msongo ya nguruwe ile hali ya mnyama kutetemeka, kuhema, kuwa na mabaka mekundu, kukakamaa na kufa ghafla anapopakiwa au kusafirishwa.

Mwaka 1991 chanzo kikubwa cha hali hiyo kiligunduliwa, na kwa sadfa kiligunduliwa Canada, mjini Toronto. Kuna kasoro ya jeni inayofanya misuli ya baadhi ya nguruwe ishindwe kulegea ikishashtuliwa. Misuli inayojikaza bila kukoma hutoa joto kama injini, na joto la mwili, ambalo kwa kawaida ni nyuzi 39 hivi, hupanda hadi kuua. Kasoro hiyo ilienea zaidi katika mbegu zilizochaguliwa kwa ajili ya nyama nyingi isiyo na mafuta, hususan Pietrain na baadhi ya koo za Landrace. Nchi nyingi zilizoendelea zimekwishapunguza kasoro hiyo kwa kuwapima wazazi.

Hata nguruwe asiye na kasoro ana udhaifu wake wa kimaumbile. Hatoi jasho la kumpoza kama farasi au binadamu. Anategemea kuhema na kugaagaa mahali penye unyevu. Moyo wake ni mdogo ukilinganisha na uzito wa mwili. Hutapika garini kama abiria asiyezoea safari, na akiwa ameshiba anaweza kupaliwa na matapishi. Zaidi ya hayo, ni mnyama wa ukoo na cheo. Ukiwachanganya nguruwe wa mabanda matatu katika gari moja, watapigana mpaka wajue mkubwa ni nani, na wanapigana mahali ambapo aliyeshindwa hana pa kukimbilia.

Jambo hilo la mwisho lilikuja kurekebisha hata nadharia ya Selye. Yeye aliamini mwili hujibu kwa namna moja bila kujali shambulio ni la aina gani. Kuanzia miaka ya 1960, Mmarekani John Mason alionyesha kwamba hofu na ugeni vina uzito wa pekee. Nyani walionyimwa chakula lakini wakapewa vidonge vitupu vyenye ladha ya matunda, na wakatengwa ili wasiwaone wenzao wakila, hawakupandisha homoni za msongo kama wale walioachwa waone na kutamani. Kwa hiyo njaa peke yake haitoshi kueleza madhara. Kwa msafirishaji maana yake ni kwamba kelele, fimbo na wageni wanaouma vinaweza kumgharimu kama jua na kiu.

Nyama maji na nyama nyeusi

Mchinjaji hukutana na msongo kwa sura mbili. Nguruwe aliyeshtuliwa dakika chache kabla ya kuchinjwa, kwa mfano aliyekimbizwa na kupigwa akiingizwa machinjioni, anakufa misuli yake ikiwa bado inachoma sukari kwa kasi. Sukari hiyo hugeuka tindikali nyama ikiwa bado ya moto. Protini huharibika na kushindwa kushika maji. Matokeo yake ni nyama iliyopauka, laini, inayoacha dimbwi la maji kwenye sinia na kusinyaa ikiingia kwenye mafuta. Mwenye banda la kitimoto hudhani amepunjwa kwenye mizani, kumbe uzito umevujia sakafuni.

Sura ya pili humpata nguruwe wa safari ndefu. Huyu amesota kwa saa nyingi akipigana, akisimama na kuona njaa, mpaka sukari ya misuli imekwisha. Akichinjwa, hakuna cha kugeuka tindikali. Nyama huwa nyeusi, ngumu na kavu juu, na kwa kuwa tindikali ndiyo kinga ya asili ya nyama, bakteria hustawi haraka. Katika bucha isiyo na jokofu, nyama hiyo huharibika kabla ya nyingine. Mteja huikataa akidhani ni ya mnyama mzee au mfu.

Kuna pia uzito wenyewe. Nguruwe aliyekaa siku nzima bila chakula hupungua kwa takriban asilimia 5 ya uzito wa mwili, na sehemu kubwa ya hizo ni kinyesi, mkojo na maji. Baada ya saa 9 hadi 18 bila chakula, nyama yenyewe huanza kupungua, kwa wastani wa karibu asilimia 0.1 kwa kila saa. Ni kidogo kwa saa moja. Kwa safari ya Dar es Salaam, inayozidi kilomita 1,000 kutoka Mwanza, si kidogo tena.

Ile thaimasi iliyonywea ya panya wa Montreal nayo ina maana yake. Kinga iliyoshuka hufungua mlango kwa maradhi aliyokuwa ameyabeba mnyama bila kuugua, ikiwemo homa ya mapafu na kuhara kwa vijidudu vya salmonela. Ndiyo sababu vitoto vilivyonunuliwa mbali huugua wiki ya kwanza katika banda jipya, na mnunuzi akalalamika kwamba ameuziwa ugonjwa.

Nani anabeba hasara?

Tuchukue mfano wa kukokotoa tu. Mchuuzi ananunua nguruwe 10, na kila mmoja akishafikishwa sokoni amemgharimu shilingi 250,000, nauli ikiwemo. Anatarajia faida ya shilingi 40,000 kwa kila mmoja, yaani 400,000 kwa safari. Akifa mmoja tu, faida ya tisa waliobaki ni 360,000. Toa 250,000 za yule mfu, zinabaki 110,000. Nguruwe mmoja katika kumi amekula karibu robo tatu ya faida nzima ambayo mchuuzi aliitegemea.

Mchuuzi mzoefu hangoji kifo kimfilisi. Anakiweka kwenye hesabu tangu mapema, na mahali pekee anapoweza kukiweka ni kwenye bei ya kununulia. Vijijini nguruwe wengi huuzwa kwa kukadiriwa kwa macho, lakini mjini huuzwa kwa kilo. Tofauti kati ya jicho na mizani ndiyo mto anaoegemea mchuuzi. Kwa hiyo mfugaji wa Buhemba, ambaye hajawahi kupanda hilo gari, ndiye anayelipia sehemu ya hasara ya njiani kila anapotajiwa bei ndogo. Safari ikiwa salama, kuna nafasi ya bei kupanda bila mchuuzi kupoteza kitu.

Umaarufu na doa

Mwaka 1945 Selye alihamia Chuo Kikuu cha Montreal na kuongoza taasisi yake ya utafiti hadi alipostaafu katika miaka ya 1970. Wakati taasisi hiyo ikiwa juu ilikuwa na wasaidizi wapatao 40 na wanyama wa majaribio wapatao 15,000. Aliandika makala zipatazo 1,700 na vitabu karibu 40, vikiwemo kitabu kikubwa cha kitaalamu cha mwaka 1950 na kingine cha mwaka 1956 kwa wasomaji wa kawaida, ambacho kililifanya neno msongo liingie katika lugha nyingi. Mwanafunzi wake mmoja, Roger Guillemin, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Selye mwenyewe alipendekezwa mara nyingi na hakuipata. Canada ilimpa nishani yake ya juu mwaka 1968.

Maisha yake binafsi hayakukosa misukosuko. Alioa mara tatu. Mama yake aliuawa kwa risasi mwaka 1956 wakati wa mapambano ya Hungaria dhidi ya majeshi ya Kisovieti. Katika miaka ya 1970 alipatwa na saratani ambayo madaktari hawakutegemea aipone, naye akaendelea kuishi na kufanya kazi kwa miaka kadhaa.

Lipo pia doa ambalo si haki kulificha. Nyaraka za makampuni ya sigara zilizofunguliwa baada ya kifo chake zilionyesha kwamba alipokea fedha zao kwa utafiti, na kwamba maneno yake yalitumika kuufanya msongo uonekane chanzo cha maradhi ya moyo wakati sigara ikinyooshewa kidole. Mtu aliyeionya dunia kuhusu mzigo usioonekana alisaidia, kwa kiasi chake, kuficha mwingine. Tena maarifa yake juu ya mateso ya wanyama yalipatikana kwa kuwatesa maelfu ya panya. Hilo halifuti ukweli wa alichokigundua, ila linatukumbusha kupima kazi ya mtaalamu kwa ushahidi na si kwa jina.

Alifariki mjini Montreal tarehe 16 Oktoba, 1982, akiwa na umri wa miaka 75. Mwaka 2004 chuo kikuu kilichoanzishwa Komárno, upande wa Slovakia wa mji alikokulia, kilipewa jina lake.

Nini kifanyike

Mafunzo ya Selye hayahitaji mtaji mkubwa. Yanahitaji kupunguza idadi ya mashambulio yanayompata mnyama kwa wakati mmoja, kwani baridi, njaa, hofu na uchovu vyote hutoa kwenye akiba ileile.

Kwanza, acha kumlisha nguruwe saa 8 hadi 12 kabla ya safari, lakini maji asinyimwe mpaka anapopakiwa. Mnunuzi asiyetaka kununua pumba tumboni atashukuru, na mnyama hatatapika.

Pili, safiri usiku au alfajiri. Gari lisiegeshwe juani likiwa limepakia, kwa kuwa upepo ukikoma joto hupanda ndani ya dakika chache. Weka mchanga uliolowanishwa sakafuni, na turubai la kivuli juu lenye kupitisha hewa pembeni. Nguruwe aliyeanza kuhema kwa mdomo wazi anyunyiziwe maji taratibu na aachwe atulie. Kumkimbiza ni kummaliza.

Tatu, usijaze kupita kiasi. Nguruwe wa kilo 100 anahitaji karibu nusu mita ya mraba ili aweze kulala, na kwa joto letu aongezewe kidogo. Karoli ya kirikuu au pikapu yenye mita 1.5 kwa 2.5 ina eneo la mita za mraba 3.75, hivyo inatosha nguruwe saba wa uzito huo, na si kumi. Wa banda moja wakae pamoja, na wageni watengwe kwa ubao.

Nne, tengeneza njia ya kupandia yenye mteremko mdogo na mbao za kuzuia utelezi. Mwongoze mnyama kwa ubao ulioshikwa ubavuni mwake badala ya fimbo. Haraka haraka haina baraka: nusu saa ya kupakia kwa utulivu ni nafuu kuliko mzoga mmoja. Kumfunga nguruwe miguu yote na kumning'iniza kwenye bodaboda kwa masafa marefu kunakusanya karibu mashambulio yote aliyoyajaribu Selye kwa siku moja.

Tano, akifika apumzishwe saa mbili hadi tatu, apewe maji, ndipo achinjwe. Wa safari ndefu apumzike zaidi. Jike aliyekaribia kuzaa na mnyama anayeumwa wasisafirishwe kabisa.

Sita, fuata sheria. Chukua kibali cha kusafirisha mifugo kwa afisa mifugo kabla ya kuondoka. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Namba 19 ya mwaka 2008 inamtaka anayesafirisha mnyama asimtese. Kibali kinasaidia pia kuzuia homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921 na ambao hauna tiba. Gari lisilosafishwa kati ya safari na safari ni njia mojawapo ya kuusambaza, na dalili zake za awali zinaweza kudhaniwa ni uchovu wa njiani. Vifo vikiwa vingi, usiuze nyama, toa taarifa.

Mwisho, lipo soko lisilohitaji safari ndefu. Buhemba ni eneo la machimbo ya dhahabu, lenye wachimbaji na wafanyabiashara wanaokula nyama kila siku, na Musoma na Bunda haziko mbali. Kabla ya kufikiria bei ya Dar es Salaam, mfugaji atoe kwanza gharama ya kilo zitakazobaki barabarani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wafugaji wachache wakichangia mizani moja, wakampima kila nguruwe anapotoka bandani na kumwomba mchuuzi namba ya uzito aliofika nao, baada ya safari kadhaa watajua ni kilo ngapi zinapotea na katika gari la nani. Wakiwa na namba hizo mkononi watakuwa na hoja ya kudai bei bora, na mchuuzi anayesafirisha vizuri atakuwa na sababu ya kuitoa.